Betri Haina Moto Asubuhi: Namna ya Kusaka Hitilafu Kwenye Mfumo wa Kuchaji

Ukigeuza ufunguo asubuhi ukasikia "kakakaka" badala ya stata kuzungusha injini, mtu wa kwanza kusogea atakwambia betri imekufa, nunua nyingine. Wa pili atasema hivyohivyo. Na ni kweli betri haina moto, lakini swali la kuuliza ni moto wake umekwenda wapi. Betri ni pipa. Ukilikuta tupu, ama limetoboka, ama bomba halilijazi, ama kuna anayechota usiku wewe ukiwa umelala. Pipa jipya litakusaidia katika hali ile ya kwanza tu. Katika zile mbili nyingine litakupa wiki moja au mbili za matumaini, kisha utarudi palepale, na mfuko umepungua.

Ndiyo maana namsihi kila mwenye gari: pima kwanza. Mita ndogo ya kidijitali yenye kipimo cha volti inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi iliyoelezwa hapa, na kuitumia si kazi ya fundi peke yake.

Kabla ya dalili, tuielewe njia ya umeme, maana hitilafu nyingi zimejificha njiani. Injini inazungusha alteneta kwa mkanda. Ndani ya alteneta kuna rota, ambayo ni sumaku ya umeme inayopata umeme wake mdogo kupitia kaboni mbili zinazosugua pete za shaba. Rota ikizunguka, koili zinazoizingira zinazalisha mkondo geu, na daiodi zinaugeuza kuwa mkondo mnyoofu ambao betri inaweza kuupokea. Regulata, ambayo mafundi wengi huiita aisii, inaangalia volti na kuongeza au kupunguza umeme wa rota ili chaji isizidi wala isipungue. Kutoka hapo waya mnene unatoka kwenye skrubu ya B+ mgongoni mwa alteneta hadi kwenye chanya ya betri, mara nyingi ukipitia fyuzi kubwa. Kisha umeme unarudi kupitia chuma cha injini na waya wa athi, yaani ule unaounganisha injini na betri, hadi kwenye hasi. Watu wengi hukagua njia ya kwenda na kuisahau ile ya kurudi. Tutairudia.

Vua pete na saa ya chuma kabla ya kuinama kwenye betri. Spana ikigusa chanya na bodi kwa pamoja, au pete ikiwa katikati, chuma kinakuwa chekundu kwa sekunde chache. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni, kwa hiyo sigara, kiberiti na cheche vikae mbali. Asidi ikikurukia, osha kwa maji mengi papo hapo. Ikiingia jichoni, endelea kuosha na uende hospitali.

Vipimo vitatu vya mwanzo

Vyote vinapimwa kwenye vichwa vya betri vyenyewe, yaani risasi ile iliyochomoza, si kwenye temino iliyoishika.

Cha kwanza ni gari likiwa limelala usiku mzima. Betri ya volti 12 iliyojaa inasoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.4 ina kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya hapo ihesabu kuwa tupu. Kama gari limetoka kuendeshwa, namba itakudanganya kwa kuwa juu. Washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo, ndipo upime. Ukikuta volti 10.5 hivi, na hata ukichaji inarudi hapohapo, seli moja kati ya zile sita imekufa. Kila seli inabeba volti 2.1, na hapo inaonekana wazi kwamba moja imetoka. Betri hiyo haina tiba.

Cha pili ni wakati wa kupiga stata. Mwambie mtu apige huku wewe ukiangalia mita. Betri nzima na iliyojaa haitakiwi kushuka chini ya volti 9.6 hali ya hewa isipokuwa ya baridi kali. Ikishuka hadi 7 au 6, na uliichaji vizuri kabla ya kupima, betri imechoka. Lakini kama namba imebaki juu, tuseme 11.8, na stata inagonga tu au inazunguka kwa uvivu, iache betri na usogee kwenye nyaya na stata yenyewe. Watu wengi huibadilisha betri hapa bila kosa lake.

Cha tatu ni injini ikiwa inawaka. Panda hadi mizunguko 1,500 au 2,000 kwa dakika. Magari mengi yatasoma kati ya volti 13.8 na 14.7. Sasa washa taa kubwa, feni ya ndani na kiyeyusha ukungu cha kioo cha nyuma. Namba itashuka kidogo kisha itulie, na isianguke chini ya 13.5 hivi. Ikibaki 12.3 na kuendelea kuteremka, alteneta haichaji, au inachaji lakini moto haufiki. Kwa malori ya volti 24, zidisha kila namba mara mbili.

Magari mengi ya miaka ya karibuni yana kompyuta inayoamua volti za kuchaji, ikisaidiwa na kihisi kidogo kilichofungwa kwenye temino ya hasi. Betri ikiwa imejaa, kompyuta inaweza kuiteremsha chaji hadi volti 12.8 ili kuokoa mafuta, kisha kuipandisha karibu na 15 unapoachia mafuta gari likiwa kwenye mwendo. Usiihukumu alteneta ya gari la namna hiyo kwa namba moja. Washa vitu vinavyokula umeme na uangalie kama kompyuta inaitikia.

Taa nyekundu ya betri inawaka ukiwa barabarani

Simama pahali salama, angalia mkanda kwanza. Kwenye injini nyingi mkanda huohuo unazungusha pampu ya maji. Ukiwa umekatika na wewe ukaendelea na safari kwa kuwa "betri bado ina nguvu", injini itachemka na hasara itakuwa kubwa kuliko ya alteneta yoyote.

Mkanda ukiwa bado upo, uguse upande wa ndani injini ikiwa imezimwa. Mkanda uliong'aa kama kioo au wenye nyufa unateleza, hasa asubuhi na wakati wa mvua, na mara nyingi hulia kwa sauti kali sekunde chache baada ya kuwasha gari, muda ambao alteneta ina kazi nzito ya kurudisha kilicholiwa na stata. Kwenye mikanda ya zamani ya umbo la V, bonyeza kwa kidole gumba katikati ya sehemu ndefu. Ukizama zaidi ya sentimita moja hivi, umelegea. Magari yenye kikazio cha kujikaza chenyewe, angalia kama mkono wake unarukaruka injini ikinguruma. Alteneta nyingine zina puli inayoshika upande mmoja na kuachia upande wa pili. Ikichakaa, injini inazunguka na mkanda unazunguka, lakini alteneta ndani haizunguki inavyopaswa.

Taa inayowaka na kuzima, hasa kwenye matuta, mara nyingi ni kaboni zilizokwisha. Kuna jaribio la zamani ambalo bado nalithamini: injini ikiwaka, igonge alteneta taratibu mgongoni kwa mpini wa bisibisi, mbali na mkanda na feni. Taa ikizima na volti zikapanda, kaboni zimebaki fupi na zinashika kwa bahati. Kwenye alteneta nyingi kaboni na regulata vinauzwa pamoja na vinabadilishwa bila kubadilisha alteneta nzima.

Kabla ya hapo, chomoa ile soketi ya nyaya nyembamba mgongoni mwa alteneta na uitazame. Kutu ya kijani kwenye pini au waya uliokatika ndani ya plastiki unaweza kuizima alteneta nzima.

Na taa isipowaka kabisa? Ufunguo ukiwa umefunguliwa na injini haijawashwa, taa hiyo inatakiwa kuwaka. Wengi hufurahi wakiona dashibodi haina taa nyekundu. Kwenye magari mengi ya zamani, umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha rota mwanzoni. Balbu ikiungua, alteneta haianzi kuchaji mpaka ukanyage mafuta sana, au haichaji kabisa, na hakuna kitu cha kukuonya.

Alteneta inatoa, betri haipokei

Hapa ndipo nataka tukae kwa muda, maana hapa ndipo betri na alteneta nzima nyingi hutupwa.

Mimi mwenyewe niliwahi kununua betri mbili ndani ya mwaka mmoja. Baada ya ile ya pili kuanza kulegea, niliambiwa na fundi nibadilishe alteneta, na nilikuwa tayari kufanya hivyo. Kabla ya kulipa nikaazima mita. Nyuma ya alteneta, kati ya B+ na ganda lake, nikasoma volti 14.3. Kwenye vichwa vya betri, injini ikiwa palepale na taa zote zimewashwa, nikasoma 13.1. Volti 1.2 zilikuwa zinapotea katika safari isiyofika mita mbili.

Nikaweka ncha moja ya mita kwenye B+ na nyingine kwenye kichwa cha chanya cha betri: 0.1. Upande huo ulikuwa mzima. Nikaweka ncha moja kwenye ganda la alteneta na nyingine kwenye kichwa cha hasi: 1.1. Basi tatizo lilikuwa kwenye athi. Kwa macho waya ule ulikuwa mzuri, plastiki yake nyeusi haina hata mkwaruzo. Lakini nilipoushika karibu na mahali unapofungwa kwenye injini, ulikuwa wa moto kuliko chuma kilichouzunguka. Nilizima injini, nikaufungua na kuupasua kwa wembe. Ndani, vinyuzi vya shaba vilikuwa vimegeuka unga wa kijani, na vilivyobaki vinang'aa vilikuwa vichache vya kuhesabu kwa kidole. Waya mpya wa athi ndio uliohitajika tangu siku ya kwanza.

Kipimo hiki ni rahisi. Mita iwe kwenye volti za mkondo mnyoofu, injini kwenye mizunguko 2,000, na vitu vyote vinavyokula umeme viwe vimewashwa. Kutoka B+ hadi chanya ya betri, isizidi 0.3. Kutoka ganda la alteneta hadi hasi, isizidi 0.2. Ikizidi, sogeza ncha ya mita hatua kwa hatua: kutoka kichwa cha betri hadi temino, kutoka temino hadi waya, kutoka waya hadi injini, mpaka uone namba inaruka wapi. Mahali inaporuka ndipo penye ugonjwa. Mara nyingi ni kati ya kichwa na temino, kwenye ule unga mweupe au wa buluu-kijani. Fungua hasi kwanza, kisha chanya, osha kwa maji ya moto yenye magadi ya kuokea, sugua kwa brashi ya waya mpaka risasi ing'ae, kausha, funga chanya kwanza na hasi mwisho, halafu paka grisi juu.

Kuna anayeuliza kwa nini asipime tu waya kwa kipimo cha omu, yaani cha ukinzani wa umeme. Jibu liko kwenye hesabu. Omu 0.02 kwenye mita ya kawaida huwezi kuitofautisha na sifuri. Lakini pitisha ampea 60 kwenye waya huo na umepoteza volti 1.2 pamoja na wati 72 zinazogeuka joto. Waya mbovu unajulikana ukiwa umebeba mzigo. Ndiyo sababu taa lazima ziwe zimewashwa.

Betri inakwisha usiku

Dalili yake ni hii: ukichukua moto kwenye gari jingine, gari linawaka, linatembea kutwa, unalizima na kuliwasha mara kumi bila shida. Kesho asubuhi liko kimya. Gari linalozimika dakika chache baada ya kuondoa nyaya za kuchukulia moto lina tatizo la kuchaji. Hili la kulala zima na kuamka tupu lina betri isiyoshika chaji au kitu kinachochota usiku. Ili kutofautisha, chaji betri ijae, fungua waya wa hasi na uiache ilale nje ya mzunguko. Asubuhi ikisoma 12.6, betri haina kosa.

Sasa pima kinachochotwa. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango, boneti iache wazi. Fungua hasi na uiweke mita kwenye kipimo cha ampea 10, katikati ya kichwa cha hasi na waya wake. Usiwashe gari wala kufungua swichi mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake. Mwanzoni utaona ampea kadhaa, kwa sababu kompyuta za gari bado ziko macho. Subiri, magari mengine huchukua karibu saa nzima kulala. Baada ya hapo namba inatakiwa kuwa chini ya miliampea 50. Nusu ampea inaonekana ndogo, lakini kwa siku ni ampea-saa 12. Betri ya ampea-saa 60 inafikia nusu kwa siku mbili na nusu.

Chomoa fyuzi mojamoja mpaka namba ishuke. Sehemu hiyo ndiyo inayochota: taa ya buti isiyozima, redio iliyofungwa kwa waya wa moja kwa moja, kifaa cha kufuatilia gari, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) iliyoganda. Mara nyingi ni kitu kilichoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani.

Ukimaliza fyuzi zote na namba haijashuka, ifikirie alteneta. Waya wa B+ umeunganishwa na betri muda wote, na kinachozuia umeme usirudi ni zile daiodi. Daiodi moja ikivuja, betri inajimwaga ndani ya alteneta usiku kucha. Gari lililolala usiku mzima linatakiwa kuwa na alteneta baridi kama chuma kingine chochote. Iguse asubuhi kabla ya kuwasha: ikiwa vuguvugu, umempata mchotaji. Kuhakikisha, fungua hasi ya betri, toa waya wa B+ na uufunge vizuri kwa utepe wa nailoni usiguse bodi, kisha pima tena ampea.

Daiodi iliyokufa inajitangaza hata mchana. Redio inatoa mlio mwembamba unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta, na taa zinatetemeka. Geuza mita kwenye volti za mkondo geu, pima kwenye betri injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa. Zaidi ya nusu volti ni daiodi mbovu, hata kama kipimo cha kawaida kinasoma 14 nzuri kabisa.

Chaji imezidi

Hili huwa halizungumzwi sana kwa sababu gari linawaka vizuri tu. Balbu zinaungua mara kwa mara, maji ya betri yanakauka, ubavu wa betri unavimba, na unaponusa karibu na boneti kuna harufu ya mayai yaliyooza. Mita inasoma zaidi ya volti 15. Ukifika hapa usiendelee na safari ndefu, maana kompyuta za gari haziwezi kuvumilia volti hizo, na betri iliyopata moto inaweza kupasuka. Iache ipoe kabla ya kuigusa.

Mara nyingi regulata ndiyo imekufa. Ila kagua kwanza waya mwembamba unaoipa regulata habari za volti za betri, pamoja na fyuzi yake. Kwenye baadhi ya alteneta waya huo ukikatika, regulata inadhani betri ni tupu na inaendelea kusukuma.

Jambo moja nalikataza kwa nguvu

Bado wapo wanaofungua temino ya betri injini ikiwaka ili "kujua kama alteneta inachaji". Injini isipozima wanasema alteneta ni nzima. Tafadhali usiruhusu mtu afanye hivyo kwenye gari lako. Betri ndiyo inayotuliza mfumo mzima. Ukiiondoa ghafla, volti zinaweza kuruka kupita kiasi mara kadhaa kwa muda mfupi sana, muda unaotosha kuua daiodi, regulata na kompyuta ya injini. Tena jibu lenyewe halina maana, kwa kuwa alteneta yenye daiodi moja mbovu inaweza kuiendesha injini bila betri. Mita inakupa jibu bora bila kuhatarisha chochote.

Kila kitu ni kizima, betri bado haikai

Safari za dakika tano tano zinaweza kuwa chanzo. Kila kuwasha kunachota, na alteneta haipati muda wa kurudisha. Betri inayokaa wiki nyingi chini ya volti 12.4 inajenga salfeti ngumu kwenye sahani zake na kupoteza uwezo wake kidogo kidogo. Joto nalo huila betri haraka kuliko wengi wanavyodhani. Kama imefikisha miaka minne au mitano, ipeleke ipimwe kwa mzigo. Ikishindwa hapo, sasa ibadilishe kwa moyo mweupe. Kwenye magari yale yenye kihisi cha betri, mengine yanahitaji kompyuta iambiwe kwamba betri ni mpya, la sivyo itaendelea kuichaji kama ile iliyochoka.

Ukishatengeneza, iwe ni alteneta, waya au mkanda, usiondoke moja kwa moja na betri tupu ukitegemea alteneta iijaze. Alteneta imeundwa kurudisha kilichotumika na kuendesha vifaa vya gari. Ukiipa betri iliyokauka kabisa itafanya kazi kwa nguvu zote kwa muda mrefu, na joto hilo linaweza kuua daiodi mpya siku ileile. Ichaji betri kwa chaja ya ukutani usiku mzima. Asubuhi rudia vile vipimo vitatu, na uandike namba zake kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha utepe, ukibandike karibu na betri. Siku gari litakapokataa tena kuwaka, utakuwa na namba za kulinganisha nazo.